Mwambie Atoe Moja

Kwako Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba kimeshakwisha. Sisi hapa tunasukuma siku. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi haujambo: jana amenigombeza kwa sababu ya sahani moja chafu mpaka nikaosha na zile zilizokuwa safi. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni nitakueleza, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungelia, mimi ningesingizia mtandao, na mambo yangeishia hapo.

Pamoja na barua hii utapokea sanduku. Tafadhali usilifungue kwanza. Najua nakuomba jambo gumu, maana Baba hakukuita Mdadisi bure.

Unaikumbuka ile rula yake ya mbao? Ulikuwa na miaka sita, ukanyemelea karakana kule nyuma ya nyumba ukitaka kuwaona watu wanaosema ndani ya redio. Ukachokonoa kifuniko cha nyuma kwa rula ya mwenyewe, ncha ikavunjika, ikaondoka na sentimita yote ya kwanza. Ulijificha chini ya kitanda mpaka saa ya chakula cha mchana. Baba hakukugusa. Alisema rula haijafa, imepungua tu, na tangu siku hiyo akawa anapimia kuanzia moja. Akisoma kumi na moja, kichwani anajua ni kumi. Watu walimletea rula mpya, akawa anazikorogea rangi. Mimi nilijua kutoa moja kabla sijajua kusoma sawasawa, na shuleni mwalimu wa hesabu alishangaa kwa nini kila mstari wangu ni mfupi. Wewe, mkosaji mwenyewe, ulicheka mpaka ukapaliwa.

Sasa sikiliza. Mwaka jana mikono ya Baba ilipoanza kutetemeka, aliniambia kwamba anataka kuunda redio moja ya mwisho, na kwamba ni yako. Kasha lake liwe la akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha ndani kama kioo, ili anayesikiliza aone ndani mpaka waya wa mwisho. Alisema ulimuuliza swali ukiwa na miaka sita na bado hajakujibu. Waya zote aliziunga mwenyewe, polepole, kiwiko amekiegemeza mezani. Lakini kukata akriliki hakuweza, msumeno ulimchezacheza mkononi. Basi akachora kila kipande nyuma ya kalenda kuukuu, na pembeni ya kila mstari akaandika namba kama alivyoisoma kwenye rula. Ndivyo alivyofanya miaka yote, kwa sababu ile moja alikuwa akiitoa kichwani wakati wa kukata. Safari hii mkataji alikuwa mtu mwingine.

Nikaipeleka kalenda kwa fundi wa vibao, yule anayekata majina ya milangoni kwa mashine ya leza. Ni mtu mwema, miwani juu ya paji la uso, anaibembeleza mashine yake kama anayembembeleza mtoto ale. Aliniuliza kama vipimo ni hivyo hivyo, maana tundu la spika aliliona kubwa. Nilikuwa nimechelewa kazini, simu inaita mfukoni. Nikamwambia akate kama ilivyoandikwa, mzee wangu hakosei. Kwenye kona ya kalenda palichorwa watu wawili wadogo, mwanamume na mwanamke, urefu tano. Fundi akauliza hicho ni kifaa gani cha redio. Nikamwambia sijui, kata tu. Akacheka, akakata.

Nilivileta vipande vikiwa bado na karatasi yake ya kukinga, vinanukia plastiki iliyoungua. Baba alinawa mikono kama anayekwenda kula. Akabandua karatasi ya kipande cha mbele, akaiweka spika kwenye tundu lake, spika ikapita moja kwa moja ikaanguka mezani. Akajaribu kile kishikizo cha sauti, nacho kikapita. Wale watu wawili hawakuenea ndani, vichwa viligonga waya alizokwisha kuziunga. Dada, tundu lililozidi halipunguzwi. Baba alichukua rula, akapima. Kisha akaniuliza taratibu kama alikuwa amekumbuka kuniambia kuhusu kutoa moja. Nikamjibu kwamba hakuniambia. Akauliza tena. Nikasema tena kwamba hakuniambia.

Akakaa kwenye kigoda. Alisema anajiona kabisa akiniambia, amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu, na kwamba kama ameanza kuona mambo ambayo hayakutokea basi akili imeanza kumwagika. Alisema mtu wa namna hiyo hapaswi kushika umeme wa watu. Akavua aproni, akazungusha waya wa chuma cha kuchomelea, akanipa ufunguo wa kufuli. Nilimwambia tukate vingine. Alinishukuru, akasema wacha.

Kesho yake alirudisha redio ya jirani bila kuigusa. Wiki hiyo ulipopiga simu ukauliza mbona Baba hafanyi kazi, ni mimi niliyekwambia kwamba kumbukumbu zinamtoka. Tangu hapo ukawa unamuuliza leo ni siku gani, jana alikula nini, na unasema polepole, kwa sauti ya juu. Sikulaumu hata kidogo, ulifanya kwa upendo. Alikujibu kila kitu sawasawa. Ukishakata simu alikuwa anaiweka mapajani na kuitazama. Siku moja aliniambia kwamba una moyo mzuri, siku hizi unazungumza naye kama unavyozungumza na wanao. Zamani hukuinua hata tofali la nyumba yako bila kumuuliza. Ukaacha kumuuliza. Naye hakuuliza kwa nini, alidhani anajua.

Alikaa miezi minne hivyo, kwenye kiti cha dirishani, mpaka kile kifua kikamchukua. Siku ya maziko ulinishika bega ukasema afadhali amepumzika, maana akili ilikuwa imeshamtoka. Watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia, Dada. Niliitikia kwa kichwa, na kaburi liko wazi mbele yangu.

Aliniambia. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, kama alivyojiona, akasema, “Mwambie atoe moja, kila mahali.” Nikafika kwenye geti akaniita jina langu la utani, akasema tena. Nikampungia mkono nikaenda zangu. Kwa yule fundi ikanitoka kabisa. Na pale Baba aliponiuliza, niliona aibu ya mtu mzima kukosea kazi ya kusema maneno mawili, nikamwachia yeye kosa. Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho ikawa na ile redio ya jirani, nikaona jambo limeshakuwa zito, na kila siku likaongezeka uzito. Akili yake ilikuwa nzima mpaka siku ya mwisho. Mimi ndiye niliyemwibia.

Ulipokwisha kuondoka, Mama alikuwa anakunja nguo za Baba, na kwenye mfuko wa sweta akakuta mmoja wa wale watu, yule mwanamke. Nyayo zimesuguliwa kwa tupa, miguu imekuwa mifupi, ina mikwaruzo. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya pale dirishani mgongo ametupa sisi. Nikachukua rula yake nikampima. Ilisoma tano, yaani nne kamili. Hakukosea hata unywele, kwa mikono ile.

Nikarudi kwa fundi wa vibao na kalenda na rula yenyewe. Nilimwambia atoe moja kila mahali, nikarudia mara nne, mpaka akaniuliza kama nimelala vizuri. Safari hii kila kitu kiliingia. Redio inasema. Ndiyo iliyomo kwenye sanduku, pamoja na rula, ambayo nadhani ni yako. Mwanamume nimemkata upya. Mwanamke ni yule yule wa Baba, mtazame miguu utamjua. Wamesimama nyuma ya spika. Karatasi ya kukinga ya upande wa mbele sikuibandua. Ibandue wewe, uwaone watu wako.

Mama nilimwambia juzi. Alinyanyuka akaenda jikoni. Jana ndipo alipokuja na lile la sahani. Wewe usijilazimishe kunijibu, na usinisamehe haraka kwa sababu ya udugu. Ila popote uliposema kwamba Baba alipotewa na akili, kwa shemeji, kwa watoto, kwa majirani zako, nakuomba uwaambie kwamba haikuwa hivyo, na uwatajie aliyesema uongo.

Mpe shemeji mkono wangu, na watoto wote uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Mama anasema uvae vizuri kwenye baridi. Sina lingine la kujificha nyuma yake, kwa hiyo naishia hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Mbiombio