Karatasi za Serikali za babu yako

Kavira mujukuu wangu,

Hapa Butembo tuko wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto mwenye sauti kubwa. Umeniuliza uandike nini kwenye fomu ya kuomba diploma mpya: kwamba ile ya kwanza iliungua vitani, ao kwamba haujui ilipo.

Wakati wa uasi tulikimbilia Beni, na babu yako hakurudi. Alikuwa ameikopesha Serikali akiba yake, akapewa karatasi za ahadi ya kumlipa baadaye, ili baba yako asome. Niliporudi, sanduku lenye karatasi hizo halikuwapo. Nikaenda kwenye bureau ya Serikali kuomba mpya.

Karani akaniambia, "Mama, andika ziliungua tu. Benzako bote banaandika hivyo, itaenda mbio."

"Mais mimi sikuziona zikiungua."

"Basi utangoja mpaka uzeeke!"

Majirani, walioandika kwamba zao ziliungua pamoja na nyumba, walinicheka. Kisha mkaguzi wa Serikali akaja kutembelea mutaa wetu. Akasimama mbele ya nyumba ya jirani, akatazama juu.

"Hii ndiyo iliyoungua? Mbona mabati haya ya zamani hayana hata doa la moshi?"

Fomu zote za mutaa zilikataliwa na kurudishwa, isipokuwa yangu.

Karatasi mpya zilipofika, jina la babu yako lilikuwa limepigwa kwa mashini, herufi zote sawa. Nililia pale bureau, na karani yule akanipa kiti chake.

Andika kwamba haujui, Kavira. Watakukasirikia kidogo, halafu watakuamini.

Nyanya yako, ninayekuwaza kila siku.