Kalamu Uliyouliza, Karamu Niliyocheka

Mpendwa Muhonja, mwanangu wa darasani,

Sijui barua hii itakufikiaje. Mama yako aliponiambia mnahamia Lugari kwa mjomba wako, sikuuliza hata ni upande gani wa Lugari. Mwalimu mzima! Basi naiandika wazi, huenda mtu akaisoma akakukumbuka, au ukaisoma mwenyewe.

Ulikuwa muulizaji, wewe. Unakumbuka siku uliyonivuta sweta pale mlangoni? "Mwalimu, konokono akizaliwa anakujanga na nyumba yake, ama anajenga?" Nikakwambia kengele imelia, nenda ukakae. Ukweli ni kwamba jibu sikulijua. Na kesho yake ukaja na swali lingine, hata hukuninunia.

Ndiyo maana vishikwambi vilipoletwa shuleni kwetu Shinyalu nilifurahi kupita watoto wenyewe. Nyinyi mliviita tabuleti, mkavifuta vumbi kwa mikono ya sweta. Nilijiambia, afadhali, sasa Muhonja amepata wa kumjibu. Nikawaonyesha pale pa kubonyeza ili uulize kwa mdomo, nacho kinaandika ulichosema na kukuletea picha. Nikakuita wewe wa kwanza, maana ningemwita nani mwingine? Ukakisogeza karibu na midomo, ukauliza, "Karamu ya kwanza ilitoka wapi?"

Uliuliza kalamu. Darasa zima lilijua ni kalamu, ulikuwa umeishika mkononi. Huku kwetu r na l tunazipokezana tangu kuzaliwa na hakuna anayepotea. Lakini kile kidude hakikulelewa huku. Kikaandika karamu, kikamwaga picha: sinia za pilau, kuku wa kukaanga, keki ya harusi ya orofa tatu. Ukanigeukia, macho yamekutoka. "Mwalimu, imeandika kitu ingine."

Nikacheka. Nataka ulisikie hili kutoka kwangu: mimi ndiye niliyecheka kwanza. Tena nikaongeza, "Kumbe Muhonja ana njaa!" Darasa likavunjika mbavu. Wewe, ambaye saa ya chakula ulikuwa ukibaki kwenye dawati ukijifanya unamalizia hesabu, wakakuita Karamu kuanzia siku hiyo mpaka shule ikafungwa. Niliwasikia. Nikasema ni utani wa watoto, utapita. Hukuuliza tena swali hata moja, si kwa kile kidude wala kwangu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Jioni ile mlipoenda nyumbani, nilibaki kuvifungia vishikwambi kabatini. Nikachukua kimoja, nikakiuliza swali lako kwa sauti yangu, polepole, kwa Kiswahili changu cha chuo cha ualimu. Kikaandika karamu. Nikarudia, nikiukaza ulimi. Karamu. Nikakizima haraka, nikachungulia mlangoni kama kuna aliyenisikia.

Kesho yake ningesimama mbele yenu niseme, jamani, hata mimi kimeniandikia karamu. Basi. Mngenicheka mimi, na jina lile lingekufa palepale. Niliona haya, Muhonja. Mtu mzima na cheti chake akaona haya, akakuachia mtoto mzigo huo peke yako.

Mwezi uliopita walikuja wageni kutukagua. Walilisifu darasa langu, kila mtoto na kishikwambi chake, hakuna kelele. Ni kweli hakuna kelele. Wanabonyeza kilichoandikwa kwenye mwongozo, wananakili jibu, wanarudisha. Juzi msichana mmoja alikuja na chake amekikumbatia kifuani, akaninong'oneza, "Mwalimu, nikisema vibaya utacheka?" Nikamwambia sitacheka. Akanitazama kidogo, akakiweka mezani pangu, akarudi kukaa. Nilipoingia kazi hii si hivi nilivyotaka kuwa, na sioni tena pa kuanzia kurekebisha.

Wewe ndiye unayenikosesha raha zaidi. Kila Jumatatu nafungua orodha ya darasa kwenye mtandao. Mtoto akipokelewa shule nyingine, shule hiyo huomba jina lake huko mtandaoni, nasi tunaliachilia liende. Mwanzoni nilidhani wanachelewa tu, mitandao yetu unaijua. Sasa huu ni muhula wa tatu. Najiambia labda mjomba yuko mbali na shule, labda mama anatafuta sare. Halafu nakumbuka ulivyotoka getini siku ya mwisho bila kugeuka, na mfuko wako wa vitabu ukauacha kwenye dawati. Ninao hapa.

Kaa salama, mwanangu, popote mlipo. Leo nimefungua orodha tena. Jina lako bado liko kwangu, hakuna shule iliyoliomba.

Ni mimi,
niliyekuwa mwalimu wako