Spana Zangu Haziendi Temeke

Jumapili, 1 Machi 2009

Nimeipata! Spana namba 20 kwa 22! Soko la mitumba la Jeu de Balle, huku ughaibuni, chini ya lundo la vitasa, mvua inanyesha, muuzaji mwenyewe hajui alichonacho. Nimepiga magoti kwenye mawe yaliyolowa na sare yangu ya kazini. Sijali. Seti imetimia — 6 mpaka 32, kiwanda kimoja, za kabla ya vita. Miaka minne! Za milimita tu. Za inchi sigusi, na spana malaya, ile inayobana nati yoyote, kwangu haiingii.

Mume wangu kaona magoti, kanuna. Eti mke wa mtu anachokonoa vyuma sokoni? Ndiyo, Abeid. Anachokonoa.

Jumatano, 11 Machi 2009

Namba 20 imetoka kwenye siki, kutu kwisha. Brashi, kitambaa, mafuta kidogo. Msasa mwiko, unakula namba. Kanifundisha baba, fundi wa karakana ya reli Tabora. Alipofariki, spana zake walipewa kaka zangu. Mimi nikapewa kanga. Wakaziuza kabla hata ya arobaini!

Leo Abeid kaja na jipya. Yeye na wenzake wanajaza kontena la Dar, na mdogo wake Iddi ana gereji Temeke, basi spana ziende. Huku zinakaa stoo bure, zinaliwa na kutu. Kutu? Zangu?! Nyumbani watu wana shida, anasema, watatuonaje. Nimemwambia: nimetuma ada, nimetuma dawa, nimetuma mabati ya mama yako. Spana situmi.

Ijumaa, 13 Machi 2009

Nimemweleza Alphonsine wa Bukavu, tunayeogesha naye wazee. Kasema bon, dada, mupe tu, ni vyuma, utanunua ingine. Hata wewe! Nimebeba kikombe changu, nikahamia meza nyingine.

Jumamosi, 14 Machi 2009

Sanduku la spana halipo!! Nimetoka zamu, stoo ya chini nyeupe. Nimekimbilia metro mpaka Molenbeek, kwenye yadi ya kontena kando ya mfereji. Limeshapakiwa, nyuma kabisa ya friji na magodoro, Abeid kasimama mlangoni.

Nikampigia Iddi palepale, nikaweka spika, Abeid asikie. Iddi kashangaa — spana, shemeji? Mimi niliomba kompresa. Spana ninazo tele.

Abeid kakiri, macho kwenye viatu vyake. Kumbe si Iddi! Wenzake wa kahawa, hawahawa wa kontena, wamemtania kwamba kaoa fundi, naye anaisafirisha aibu yake kwa meli. Nimeumia. Angeniambia tu.

Nimepanda ndani ya kontena. Nimeruka magodoro, nimelikalia sanduku langu, na humuhumu naandika, daftari juu ya goti. Tonton Lucien, dereva wa lori, anasema maman, shuka basi, bateau ya Dar haingojake muntu. Abeid anasema shuka Nusura, unaniaibisha mbele za watu. Nimemjibu alete toroli la kubebea sanduku. Anasema atafunga mlango. Afunge! Tutafika Temeke wote, nikamsalimie mama yake!

Ameshika komeo. Hafungi, haachii. Wale wa kahawa wamejipanga nyuma yake, hakuna anayecheka.

Mmoja amevua koti, anasogeza friji. Sijui anakuja kunitoa mimi au kulitoa sanduku. Vyovyote, tunatoka pamoja.