Santuri ya Moraa Niliyoiweka Darini

Moraa wangu,

Yule mtu wa Mogogosiek hakuwepo. Naanza na hiyo kabla sijakusalimu, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, si unanijua. Hakuna mtu niliyemwazima santuri yako. Ilikuwa kwangu siku zote, chini ya kitanda, ndani ya gunia, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Sasa nimesema. Wacha nipumue kidogo.

Chelangat anakaribia miaka miwili. Ulimwacha hajaota jino. Amekaa hapa karibu na mguu wangu anavuruga maharagwe niliyokuwa nachagua, na baba yake yuko kwa ng'ombe. Naandika na mwandiko wangu ule wa darasa la tano, uliokuwa unaucheka ati herufi zangu zinatembea kama kuku kwenye matope. Usome hivyo hivyo.

Unakumbuka siku uliyokuja nayo kutoka Kericho? Ulikuwa umeifunika na ile aproni ya plastiki ya kuchumia majani chai, umeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Wewe umelowa mpaka nywele, kava kavu kabisa. Manyunyu Band. Vijana wanne wa huku kwetu, gitaa tatu na ngoma, na ile santuri yao kubwa ya kwanza, Mvua ya Saa Tisa, nyimbo nne kila upande. Mjomba wako, dereva wa trekta, ndiye peke yake alikuwa na gramafoni ya betri katika laini zote za nyumba za wafanyakazi. Kila Jumapili baada ya kanisa tulijaa kwake, wengine wamekalia ndoo, na Wesonga wa boila ya kiwanda amesimama mlangoni kwa sababu suruali yake ilikuwa na masizi na mke wa mjomba hakutaka aguse viti vyake.

Wazee walisema huo si muziki. Huwezi kuucheza dansi, gitaa zinakwaruza, mwimbaji analalamika tu. Nyapara alituambia shambani, "Hao vijana wenu wanalia kama mashine ya kiwanda imekosa grisi." Na wewe bila kugeuka, mikono bado kwenye majani, ukamjibu, "Ndiyo maana tunawaelewa, bwana nyapara." Siku hiyo alimwaga nusu ya kikapu chako ati majani yamekomaa. Ulicheka njia nzima mpaka kwenye mizani.

Mimi mwanzo niliwapenda kwa sababu wewe uliwapenda. Sikuwa naelewa. Lakini waliimba Kiswahili hiki chetu cha shambani na dukani, hiki tulikuwa tunaongea mimi na wewe, kwa sababu Kikisii sijui na Kipsigis chako kilikuwa cha kununulia maziwa tu. Ulikuwa unaniambia, "Chebet, sema bendi, si pendi," nami nasema pendi kwa makusudi ili ukasirike. Ule wimbo wa tatu, wa msichana anayemwita mama yake katikati ya chai kwenye ukungu, nilikuja kuusikia vizuri baada ya kujifungua. Nilikuwa nanyonyesha. Niliinama ili watu wasinione uso.

Halafu kifua chako kikaanza. Ulipokwenda kwenu ng'ambo ya Sotik ili mama yako akutunze, chumba chenu cha laini kilikuwa kinavuja, na kava limeanza kuota ukungu kwenye pembe. Ukanipa mimi santuri. Hukumpa mjomba, ulinipa mimi. Ukasema, "Weka mahali pakavu." Maneno matatu tu.

Na mahali pakavu kwetu ni mahali pamoja tu, kila mtu anajua. Ni darini juu ya meko, pale mama mkwe anapoweka mahindi ya mbegu na vibuyu vya maziwa. Moshi unafukuza wadudu, unyevu haufiki. Mtu akiwa na kitu anachokipenda, huko ndiko anakipeleka. Niliifunga na leso yangu mpya, nikaipandisha, nikashuka najiona nimefanya kazi nzuri. Sikujua kitu hicho kinaogopa joto. Sisi tulijua mahindi.

Ikaja ile mvua ya wiki nzima. Nepi hazikauki, mtoto anakohoa, nikawasha moto asubuhi mpaka jioni. Siku niliyoishusha ilikuwa imejikunja pembeni kama sikio la ng'ombe. Nikaipeleka juani, nikailaza chini ya jiwe la kusagia, nikakaa hapo naiangalia kama mtu anayengoja uji uchemke. Ilinyooka kidogo tu. Baadaye nilijaribu kwa siri kwenye gramafoni ya mjomba, yeye yuko kazini. Sindano iliruka, iliruka, mpaka ikafika karibu na katikati. Kila upande ulibaki wimbo wa mwisho tu. Na ule wa mwisho kabisa, Moraa, ndio uliokuwa unasema ni wa kulalia.

Wiki hiyo hiyo ndipo barua yako ya kwanza ilifika. Ati kaka yako amepata gramafoni ya kuazima, nikuletee santuri. Nikajibu kwa mdomo, kupitia mjomba, kwamba nimemwazima mtu wa kiwanda kule Mogogosiek, anaitwa arap Sigei, nitamfuata mwisho wa mwezi. Jina lilinijia hivi hivi. Barua ya pili hukuitaja sana santuri, uliuliza mtoto. Ya tatu ilikuwa mistari miwili: "Chebet, kuja tu. Hata bila hiyo."

Sikuja.

Nimejaribu kuandika sababu hapa na nimezifuta zote. Mtoto alikuwa mdogo, ndiyo. Mvua, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu kuingia mlangoni kwako mikono mitupu, nikafikiri nitapata ingine Kericho, nitakuja nayo, utasahau. Nilizunguka maduka yote. Hazikuwepo tena. Nilikuwa bado natafuta wakati mjomba alipokuja shambani na kofia mkononi, nami nikajua kabla hajafungua mdomo.

Kwenye mazishi mama yako alinishika mikono miwili. Akasema, "Moraa alituambia umehangaika sana na hiyo santuri. Asante, mwanangu." Mbele ya watu wote. Na mimi nikaitikia. Nikasema, "Si kitu, mama."

Hilo ndilo limenikaa, kuliko santuri yenyewe. Uliniamini, ukanitetea, na shukrani ya uongo wangu nikaipokea.

Sasa sikia vile Mungu alivyonifuata. Bendi yenyewe imevunjika. Mmoja yuko Nairobi, mwimbaji analima chai yake upande wa Bomet, na watu wanasema hata gitaa hana. Santuri yao ya pili ilitoka ulipokuwa umelala kitandani, hukuisikia, na mimi ningekuletea habari yake. Wesonga anayo. Anasema inashinda ya kwanza. Mimi nakataa, nasema haina uchungu, ananiambia niende nikanunue masikio Kapsoit siku ya soko. Tunagombana hivyo kila Jumapili, ungefurahi. Ungedhani bendi ikifa watu wataacha kuja. Wameongezeka. Kuna wasichana wapya wa kuchuma wasiowahi kuwaona wale vijana hata siku moja, na wanajua maneno yote.

Basi hao watu wakakata shauri: mwaka wako ukitimia tupeleke Mvua ya Saa Tisa kwenu, tumchezee mama yako. Wakaniuliza kama arap Sigei ameirudisha. Nikasema bado. Moraa, walikwenda kumtafuta. Mjomba, Wesonga na wasichana wawili, walidandia lori mpaka Mogogosiek Jumapili ya mvua. Walipata arap Sigei watatu. Mmoja ni mzee hasikii vizuri, akafikiri wanauza ng'ombe. Mmoja ni mhubiri, akawaombea waache gitaa za dunia. Wa tatu aliwapa chai na akasema hajawahi kuona santuri karibu, lakini angependa. Walirudi gizani viatu vimejaa matope, na Wesonga akaniambia, "Usijali, Mama Chela, Jumapili ijayo tutamtafuta wa nne."

Hapo nilishindwa. Nilienda nyumbani nikalitoa gunia chini ya kitanda, nikarudi nalo, nikaliweka juu ya meza ya mjomba, nikasema yote. Dari, moto, jiwe la kusagia, barua zako tatu.

Msichana mmoja aliinuka akatoka, na mpaka leo hanisalimii vizuri. Mjomba alitoa santuri kwenye leso, akaipangusa na kiwiko cha shati. Akasema, "Kumbe nimetembea matope yote hayo kutafuta kitu cha chini ya kitanda chako." Hakusema kwa hasira. Halafu akaiweka kwenye gramafoni. Sindano ikaruka wimbo wa kwanza. Wesonga akaanza kuimba pale iliporuka. Wengine wakaingia. Gitaa walifanya na midomo, ngoma wakapiga kwenye ndoo, na walijua kila kitu, Moraa, hata ile sehemu mwimbaji anakohoa kabla ya wimbo wa tatu, wote walikohoa pamoja. Mimi sikuimba. Sikuona kama nina haki. Nilimshika Chelangat, yeye ndiye aliyecheza.

Amebaki mama yako.

Wesonga ameniambia niache, ati mama ni mzee, amefarijika na vile anavyojua, kwa nini nimwongezee. Nilitamani kumsikiliza. Lakini nafikiri siku moja nitakuwa mzee na Chelangat atakuwa na rafiki, na akiugua ningependa kujua ni nani alikuja na ni nani hakuja. Nafikiri pia kwamba ulimwambia ninahangaika kwa sababu ulikuwa unaningoja. Anapaswa kujua uliningoja.

Lala, Moraa. Lala na hicho kifua kisikusumbue tena. Wewe ulinifundisha kusikia, na mimi sikukusikia uliposema kuja tu. Kesho asubuhi napanda basi la Sotik na mtoto mgongoni. Namjua mama yako, atanivutia kiti na kuweka sufuria ya chai motoni kabla sijamaliza kubisha. Nakuahidi nitasema nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanimiminia. Akinipa kikombe baada ya hapo, nitakunywa.

Mimi wako,
Chebet