Bendera ya Kijani

Makongeni, Jumatatu

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumaini baridi ya Kanada haijakushinda. Sisi tupo tu. Bibi yako magoti yanamsumbua, nami nimerudi jana kutoka Bungoma, nilikokwenda kumzika Wekesa, rafiki yangu wa reli.

Umeniandikia kwamba ule mchezo wako wa ndege za kivita sasa unaucheza na watu wengine mtandaoni. Unasema mwenzako unayemfuata akikupotea machoni, unanyamaza kwenye redio kwa kuogopa kuchekwa, kisha mnaangushwa wote wawili. Unauliza kama urudi kucheza peke yako.

Nilipoajiriwa reli, Wekesa alikuwa akiunganisha mabehewa, mimi nikishika bendera za kumwashiria dereva. Mgeni alifunzwa jambo moja: usipomwona mwenzako, piga kelele "Simwoni", na kila kitu kitasimama. Siku moja sikumwona. Wazee wa kazi walikuwa wakinitazama, nikaona haya, nikainua bendera ya kijani. Dereva akarudisha treni nyuma.

Yaliyofuata nayaacha. Tangu siku hiyo Wekesa alitembea kwa mkongojo, akimlaumu dereva, nami nikamwacha amlaumu. Miaka yote hiyo tulikunywa chai pamoja.

Kwa hivyo sina la kukufundisha, mama. Lakini mwenzako akikupotea huko, sema humwoni. Wakicheka, wacha wacheke.

Mimi nilimwambia Wekesa Jumamosi, watu walipokwisha kuondoka kaburini.

Babu yako,
Barasa