Rafiki wa Sura ya Nne

Jumatatu, 4 Machi 1985
Nimemaliza daftari la pili la riwaya ya Mueni. Nililisoma kila nilipomaliza kusahihisha insha za watoto. Ngeli zimevurugika, vituo karibu hakuna. Lakini pale mama anapopepeta mbaazi huku akilia, niliweka kalamu chini. Mke wa mkulima huko Malili, shule aliachia kidato cha pili, na anaandika hivi. Nina wivu kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Sura ya nne inanisumbua. Wasichana wawili wanafanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Mmoja ana mimba, anamwambia rafiki yake peke yake. Rafiki anaenda moja kwa moja kwa meneja. Msichana anafukuzwa, rafiki anapewa nafasi yake. Kwa nini? Haelezi. Siamini.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwandikia kurasa tatu. Nimeanza na mazuri, kama tulivyofundishwa chuoni. Apunguze mahubiri. Afupishe harusi. Na huyo rafiki: "Hakuna mtu mbaya hivyo bila sababu. Mtafutie sababu." Nimeridhika na barua yangu.

Jumapili, 24 Machi
Jibu nimeletewa kanisani. Ananishukuru kwa yote. Halafu chini kabisa:
"Sababu nilitaka uniambie wewe. Miaka ishirini nangoja."
Sijala.

Jumatatu, 25 Machi
Nimefundisha vibaya leo. Siku zote nilidhani hajui. Tulipokuwa kidato cha pili aliniambia mimi tu, nyuma ya bweni. Kesho yake nikamwambia mwalimu mkuu. Kila muhula yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Hiyo ndiyo sababu. Nyingine hakuna.
Nimeisoma sura hiyo mara mbili na sikujiona.

Jumamosi, 30 Machi
Nilitoka hapa Ikutha alfajiri, nikafika Malili saa saba. Mueni alinipa kiti na chai. Nilimwambia yote bila kupamba. Alisikiliza huku akichambua pojo. Akasema mtoto hakumaliza hata wiki. Hilo sikuwahi kulijua. Nilimwomba msamaha nikilia. Yeye hakulia.
"Nimekusikia, Mwalimu," akasema.
Zamani aliniita Syombua.
Nilimrudishia madaftari mawili. La tatu hakunipa.

Jumanne, 2 Aprili
Shule imefungwa. Nimelala mchana kutwa. Naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Jumatano, 5 Juni
Mkutano wa walimu, Wote. Mwalimu Kioko alikaa karibu nami wakati wa chai. Kumbe sasa yeye ndiye anayemsomea Mueni. Anasema mahubiri yamepunguzwa, harusi ni fupi, kitabu ni kizuri kweli. Ila kuna rafiki fulani katika sura ya nne, mkatili mno, tena bila sababu. Anafikiria kumshauri ambadilishe. Aliniuliza mimi naonaje.
Nilimwambia amwache alivyo.
Alikubali. Tukamaliza chai, tukarudi ndani.