Simu ya Baba

Shariffa usinipigie, siwezi kusema. Soma tu. Nshafika nyumbani Kiembe Samaki. Baba kafariki. Kafariki, shoga, na mimi sikuambiwa!

Nimetoka uwanja wa ndege mbio, nataka kuwashtukiza kuwa nshamaliza mitihani. Namkuta Mama ndani, kajitanda nguo nyeupe, hana hina, hana udi. Namuuliza, "Mama, mbona hivyo?" Kaangua kilio. "Nimekaa eda, mwanangu."

Eda ya nani? Wallahi nimeuliza hivyo, Shariffa. Eda ya nani!

Mwezi wa pili huu toka wamzike. Hitma imesomwa, watu wamekuja mpaka wa Mtoni, na mimi niko Uturuki nachora gia. Kila nikimtaka Baba wananambia simu yake imeharibika.

Na unajua nani kasema nifichwe? Mwenyewe! Alipozidiwa kamwambia Mama, "Muzna asijue mpaka amalize, asije akauacha uhandisi."

Mwenyewe, Shariffa. Kanificha mwenyewe.

Na mimi nikaamini imeharibika. Nimemletea simu mpya. Nshamwekea na namba yangu, iwe ya kwanza.